Mke wa Mtu Aliyeipa Dunia Mgongo

Bi Time alijua vyema alama ya kwenye paji la uso la mumewe ilikotoka, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiikanda kwa maji ya moto na chumvi ilipokuwa bado ni uvimbe. Siku hizo Silima alikuwa utingo wa gari la abiria lililopakia watu na mbuzi baina ya Wingwi na Wete. Gari lenyewe lilikuwa na chuma kilichoshikilia paa la nyuma, kimekaa usawa wa uso wa mtu mrefu, na Silima ni mrefu. Kila aliporukia ndani, chuma kile kilimpokea. Abiria walicheka, yeye alitukana, safari ikaendelea. Kwa barabara zile zenye mashimo alijigonga kwenda na kurudi, mpaka ngozi ikafanya sugu, na sugu ikawa nyeusi, mviringo, ya ukubwa wa kifungo cha koti.

Hiyo ndiyo ibada iliyomtia Silima alama.

Gari lilipokufa injini na mwenyewe akaliuza kwa vyuma chakavu, Silima alimchukua mkewe wakahamia kwao kusini, katika kijiji kidogo cha Mtondooni upande wa Kengeja. Alikuwa ameondoka huko kijana asiye na hata udevu mmoja, sasa anarudi mtu mzima mwenye kidevu kilichojaa na doa jeusi katikati ya paji. Siku ya kwanza alipoingia msikitini, Mzee Nyange, mkubwa wa wazee wa msikiti, alimshika mkono asimwachie. Akamtazama paji, akawageukia wenzake.

"Mashaallah. Ntu huyu amesujudu," alisema.

Silima alifungua mdomo aeleze. Haki yake apewe, mdomo aliufungua. Lakini Mzee Nyange alikwishamsogeza mtu pembeni ili mgeni akae safu ya mbele, na safu ya mbele ndiyo iliyokuwa na feni. Silima akaufunga mdomo, na hakuufungua tena kwa jambo hilo.

Tangu hapo akawa Shehe Silima. Elimu yake ilikuwa zile sura fupi alizohifadhi chuoni kabla hajatoroka, na baadhi yake alikuwa akizisahau katikati. Lakini mtu mwenye alama kama ile akinyamaza, watu husema amezama katika tafakuri. Akiulizwa jambo la mirathi au la eda, alifumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Allahu aalam," Mungu ndiye ajuaye, na hilo ni jibu ambalo hakuna mwanachuoni duniani awezaye kulikosoa. Watu waliondoka wameridhika. Wengine waliondoka wakifuta machozi, wasijue wanalilia nini.

Nyumbani alikuwa mtu mwengine. Alfajiri, waumini walipopita chini ya dirisha lake kwenda msikitini, Silima alikohoa kikohozi kizito, akasema "Laa ilaaha illa Llah" kwa sauti ya mtu aliyekesha, kisha akajifunika shuka mpaka jua lipande. Wapita njia waliambiana kwamba Shehe anasali ndani ili asionekane. Na kwa kuwa sasa hakukuwa na chuma cha kumgonga, alama ilianza kufifia, naye kila Alhamisi alijifungia chooni na jiwe la mkewe la kusugulia visigino, akajisugua paji mpaka liwake, tayari kwa Ijumaa. Time alipoligundua hilo alijitafutia jiwe jengine kwa ajili ya miguu yake. Aliona si adabu visigino vyake kushirikiana na ibada.

Aliyeilisha nyumba ile alikuwa Time. Maji yakitoka, alikuwa pwani na wanawake wenzake akifunga mwani kwenye kamba. Yakijaa, alikuwa shambani kwenye muhogo. Na akikaa kitako, mkononi mna sindano na kofia ya viua. Alikuwa mshonaji hasa. Vitundu vyake vilikuwa vidogo, vimepangana vizuri, na hata ukiigeuza kofia ndani nje huoni pahali uzi ulipokatwa. Wenye maduka wa Chake Chake walikuwa wakimngoja. Lakini Silima alizitoa kofia kabatini, moja baada ya moja, akawagawia wazee wa msikiti kuwa ni sadaka yake. "Shehe Silima ametuvisha," walisema, na wakamwombea dua ndefu. Jina la Time halikuwamo.

Yote hayo Time aliyabeba, kwa sababu wanawake wengi aliowajua walibeba kama hayo au zaidi, na kusema "mume wangu hana kitu lakini ana dini" lilikuwa neno linalositiri. Kilichomtoa ni homa. Alishikwa na homa kali, akalala hana nguvu hata ya kujigeuza. Jirani yake Mwatum ndiye aliyemletea uji na kumtia kitambaa cha maji. Silima aliingia chumbani mara moja tu. Alisimama mlangoni, akamuuliza kanzu ya maulidi ishapigwa pasi au bado.

Time alimtazama, na ndani ya homa ile akaona wazi kabisa kwamba hataki kufa katika nyumba ya mtu yule. Alipopata nafuu alimwambia kwa utaratibu, kwa heshima zote, kwamba anataka talaka yake arudi Wingwi. Kuna shamba huko ambalo mama yao alimwachia yeye na ndugu yake Himid, na chumba chake kipo.

Silima alikuwa anakula. Hakuacha kula.

"Nikikuacha, kanzu zangu nani atazifua?" aliuliza, na hakuwa akifanya mzaha.

Basi Time akaenda kwa wazee. Alioga, akajipaka hina, akavaa kanga zake mpya na buibui safi, kama anavyotakiwa mtu anayekwenda kusimama mbele ya wakubwa. Hapo ndipo alipojiharibia. Maana wazee walikaa kwenye baraza ya Mzee Nyange wamejipanga, na kitu cha kwanza walichokiona ni mwanamke mwenye mwili, ngozi inang'aa, kanga hazijafuliwa hata mara moja. Na kitu cha kwanza alichokiona Time ni kofia zake. Kila kichwa kilichokuwa pale kilivaa kazi yake. Ile ya Mzee Nyange aliimaliza mwezi ule mkono wake ulipokuwa umeumwa na taa, yule samaki wa mwiba, vidole vimevimba anashona hivyo hivyo.

Alisema yote. Alisema hapewi chakula wala nguo, kwamba ni yeye anayemlisha mume, kwamba alipougua aliulizwa habari za pasi. Alisema, kwa sauti ya chini maana aliona aibu, kwamba Silima sala ya alfajiri haisali, hukohoa tu. Akasema na lile la gari.

Wazee walitazamana. Silima alikaa pembeni, kichwa amekiinamisha kidogo, kiasi cha kutosha mwanga kulipata lile doa.

"Bi Time," alianza Mzee Nyange, "wasema hupewi chakula. Na huo mwili je, wala upepo?"

Waliokuwepo walicheka kwa heshima.

"Miye nala jasho langu, mzee. Nalima mwani. Nashona. Hiyo kofia uliyoivaa nimeishona miye."

"Nke na mume ni kitu kimoja, mwanangu. Ulichoshona weye kimetolewa na yeye. Thawabu mwagawana."

"Na lile la gari? Wingwi nzima yajua."

Mzee Nyange alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwishatoa hukumu siku nyingi nyuma, mlangoni mwa msikiti, na sasa alikuwa anaitafutia sababu.

"Tuseme alijigonga," alisema. "Kichwa cha binadamu kina pahala pengi. Mbona hakugongeka kisogoni? Mwenye kumchagulia pahala pa kugongeka ni nani?"

Kwa hoja hiyo wazee waliinua mikono, wakasoma Fatiha ya kuwapatanisha mke na mume. Time alirudi nyumbani nyuma ya mumewe, na njiani wanawake walimwamkia Silima kwa kuinama. Yeye walimtazama kwa jicho la "hata huyu hakumtosha?" Uchungu aliousikia siku ile ulikuwa mkubwa kuliko wa homa.

Akaamua kugoma. Kama walichokuwa wakikiona ni sura, sura ile ni nani anayeitengeneza? Nani anayezitia kanzu buluu na kuzipiga pasi, nani anayemnyoosha kola, nani anayemchongea misuwaki? Basi na aanze kutoka kama alivyo, wamwone. Kuanzia siku ile Time hakufua, hakupiga pasi, hakupika isipokuwa chakula chake mwenyewe, nacho alikipikia kwa Mwatum. Silima alifoka. Kisha alinuna. Kisha akaanza kutoka vile vile alivyo. Kanzu ikawa rangi ya chai, kola ikafanya mstari mweusi, kandambili moja ikakatika mkanda akaifunga kwa kamba ya mwani. Kupika hajui na kuomba chakula anaona haya, hivyo mashavu nayo yakaingia ndani. Time alimhesabia siku tu. Aliwangoja watu wafumbue macho.

Watu wakafumbua macho, wakaona walii.

"Mwaona?" walinong'onezana. "Ntu yule ameshaitupa dunia. Hatazami nguo. Hatazami tumbo." Neno likatembea mpaka Kengeja, likapanda magari ya abiria likafika Chake. Wakaanza kuja watu kutoka mbali: huyu mtoto wake haongei, huyu biashara imekwama, huyu hapati usingizi. Silima, ambaye mwanzo alikuwa na hasira na njaa, alipoona watu wazima wakivua viatu kabla ya kukanyaga mchanga wa uani kwake, alituliza hasira. Njaa nayo aliifanyia mpango: alikuwa akijipenyeza upande wa pili wa kijiji, kwa mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, akala haraka haraka ameupa ukuta uso. Mama yule naye aliamini Shehe amegeukia kibla. Kile kitambi kidogo alichobakiwa nacho alikifunika kwa shuka, na shuka chafu likamzidishia heshima.

Mwatum alicheka mpaka akaketi chini.

"Bibi weye, umemtengeneza," alimwambia Time huku akijifuta macho. "Alikuwa shehe, sasa umempandisha cheo. Ukimgomea mwaka mmoja mwengine watamjengea kaburi angali hai."

Time hakucheka. Alikuwa akikoroga muhogo kwenye chungu. Kila ukweli aliousema ulimrudia usoni, na kila alilolitenda lilimfaa Silima. Wakati ule, kutoka msikitini, sauti ya Mzee Nyange ilikuwa ikisikika kwenye kipaza sauti, akitoa darsa baada ya Alasiri. Alikuwa akiwaeleza watu maana ya zuhudi. Mtu wa kweli, alisema, huipa dunia mgongo: mali, nguo, chakula, kitanda laini, wanawake. Yote hayo ni pingu za dunia. Akawaambia hawana haja ya kwenda kutafuta mfano katika vitabu, kwani mfano wanaye hapa hapa kijijini.

Mwiko wa Time ulisimama chunguni.

Siku iliyofuata alikwenda tena kwa Mzee Nyange. Safari hii hakuoga kwa sabuni ya harufu wala hakujipaka hina. Alivaa buibui lake la pwani, lililopauka kwa chumvi, akajifunika mpaka nyusi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa chini, kwenye mkeka, akayainamisha macho.

"Mzee wangu, nimekuja kutubu," alisema.

Mzee Nyange alijisogeza mbele. Hakuna kinachomfurahisha mkubwa kama mtu anayekuja kutubu.

"Niliwaambia maneno siku ile. Nilikuwa kipofu. Sasa nimeona. Shehe ameiacha dunia, na miye ndiye dunia iliyobaki ndani ya nyumba yake. Namtia majaribuni. Nikipika, harufu inamfika. Nikivaa, macho yake yanateleza. Kila siku najiuliza, Time, utajibu nini kesho kwa Mola wako, kwa kumzuia mja wake?"

Kweli katika maneno hayo ilikuwa moja tu, lile la harufu. Lakini aliyasema polepole, kwa sauti iliyokaribia kukatika, na sauti haikukatika kwa kuigiza. Ilikatika kwa hasira, na Mzee Nyange akaiona hasira ile akaiita unyenyekevu.

"Alaa," alisema kwa upole. "Na wataka siye tufanye n'ni, mwanangu?"

"Anivue. Kitanda cha mvule alichonipa mahari namrejeshea, iwe talaka ya kujivua, asiwe na haja ya kunirejea tena wala shetani asimtie mawazo hayo. Lakini yeye ana huruma. Peke yake hawezi kunitamkia. Labda mumsaidie."

Wakaenda kumsaidia. Walikwenda wengi, maana jambo la kumshuhudia walii akikata pingu ya mwisho si la kukosa, na uani mwa Silima palijaa kofia za viua. Mzee Nyange alisimama akaeleza, akasema katika umri wake hajapata kuona mke aliyemjua mumewe kwa kiasi hiki. Watu wakamgeukia Silima.

Silima alimtazama Time. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimtazama hasa, kama mtu anayemtazama fundi aliyemwibia. Alielewa kila kitu. Akatazama kanzu yake, ambayo mpaka siku ile alikuwa bado ana matumaini kwamba kuna siku itafuliwa.

"Lakini wazee," alisema, "na hiki kitanda..."

"Kitanda tumekwishakipatia pahala," alimkata Mzee Nyange kwa furaha. "Kuna nkongwe mgonjwa hapo jirani, alala chini. Tulijua weye huna haja nacho."

"Na mambo ya... ya kupika..."

Kila jicho lilikuwa kwenye paji lake. Angeweza kusema pale pale: nataka wali, nataka kitanda changu, nataka mke anifulie, miye nilikuwa utingo. Maneno manne au matano ya kweli yangemweka huru. Time alimwona anavyoyatafuta, na kwa kitambo kidogo akamhurumia. Lakini safu ya mbele ina ladha yake. Silima akafumba macho, akavuta pumzi, akayatamka maneno ya kumvua mkewe mbele ya mashahidi, na watu wakalia.

Time alihamia chumba cha Mwatum mpaka eda yake ikamalizika. Hakukuwa na aliyempa pole. Wanawake waliompita walinong'ona kwamba angekuwa na kheri, Mungu asingemtenga na mtu kama yule. Aliwasikia. Alipokuwa akisema kweli walimwona mwongo. Aliposema uongo waliona anatubu, na sasa, alipopata haki yake, waliona laana. Alichoka kuwatafutia sura ya kuwaridhisha. Alifunga sindano zake na nyuzi zake kwenye kanga, akaagana na Mwatum kwa kulia kweli kweli, akaenda kaskazini.

Habari za Silima zilimfika huko Wingwi. Watu walikuwa wameamini kwamba Shehe hufunga kila siku ya Mungu, hivyo hapelekewi kitu mchana. Magharibi hupelekewa tende, maji na dua. Yule mama wa mihogo ya kukaanga alikwenda Unguja kumlea mjukuu. Silima analala kwenye mkeka, na waliomwona wanasema nuru ya uso wake imezidi, mifupa yote inaonekana.

Himid, ndugu yake, alimpokea Time bila ya maswali. Alimtengenezea paa la chumba, akamlimia upande wake wa shamba. Siku moja jioni, walipokuwa wakimenya muhogo, Time alimweleza yote tangu mwanzo: kikohozi cha alfajiri, jiwe la visigino, kofia, homa, baraza ya Mzee Nyange, na jinsi alivyojivua. Himid alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mzuri wa kuelezwa, na zaidi ya hayo, lile gari alilipanda miaka yote. Ni yeye aliyekuwa akicheka kuliko abiria wote kila Silima alipojigonga.

"Nakuamini, dada," alisema. "Kila neno. Miye si nilikuwemo garini?"

Mtu mmoja duniani, basi, alikuwa amemwamini Time, na ilimtosha.

Himid aliendelea kumenya. Alimenya muhogo mmoja, akamenya wa pili, akautupa kwenye beseni. Kisha akakohoa kidogo.

"Ila yule ng'ombe wetu mweupe," alisema bila ya kumtazama, "mwaka wa pili huu hashiki mimba. Daktari wa mifugo amekuja mara ngapi sijui. Nilikuwa nafikiri... maana watu wasema dua yake yakubaliwa. Nikenda kwake kwa jina lako, hatanifukuza?"

Time alimtazama ndugu yake. Alitaka kukasirika, akaona hasira haiko tena. Alichukua muhogo mwengine, akaukata kichwa.

"Hatakufukuza," alisema. "Lakini ukenda, mpelekee wali na samaki. Tende usimpelekee."